Ubeti Alioinukia Anastazia

Anastazia alikuwa jirani yangu pale Mikumi, nyuma ya maegesho ya malori. Tangu mumewe afariki aliwapikia wali na maharage madereva wa Iringa na Tunduma, na kwa jiko hilo akamlea binti yake mmoja, Happiness. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kitu kimoja tu kilimtoa kwenye ukimya wake, nacho ni taarabu.

Miaka ile ya tisini na saba, tisini na nane, kila kibanda cha barabarani kilikuwa na spika yake. Kaseti zilishuka kwenye malori pamoja na mitumba, na mipasho ndiyo iliyotawala. Wanawake wenye ugomvi walikuwa hawahangaiki tena kutupiana maneno. Mmoja aligeuza redio ielekee mlango wa mwenzake, akafungulia wimbo, ujumbe ukafika.

Anastazia aliichukia. Dereva akimwomba aweke mipasho alijibiwa, "Hao wanaimba au wanasutana? Kula wali wako, mwanangu, unapoa." Wapo waliohamia kwa mama ntilie wa pili kwa sababu hiyo. Yeye aliweka kaseti za kwaya, au alizima redio kabisa.

"Mama Happy, hiyo ndiyo wanayotaka watu," nilimwambia.

"Waitake. Mimi sauti ya yule mwanamke anayeimba inaniingia kwenye meno."

Kwa hiyo hakuwahi kusikiliza wimbo hata mmoja mpaka mwisho, wala hakujua wenzake wanausikilizaje.

Happiness akachumbiwa na Oswald, fundi baiskeli wa Kimamba. Tulifurahi kwa wasiwasi, maana binti alikuwa na mimba ya miezi mitatu, na tuliojua tulikuwa mama yake, mimi na Oswald mwenyewe. Mama wa kijana, Hildegarda, alikubali shingo upande. Alitaka mkwe wa huko huko kwao, si binti wa kwenye malori. Kila Anastazia alipotoka Kimamba aliniuliza, "Unadhani amenipenda?" Nami nikamjibu kwamba akimpenda mtoto inatosha, ingawa sikuamini.

Ndoa ilipangwa Jumamosi. Alhamisi mchana ikawa sherehe ya kina mama wa pande zote mbili, kwenye ukumbi wa Kimamba. Hildegarda, ambaye alikuwa haishi bila taarabu, alikodi kikundi kutoka Morogoro.

Nilikaa na Anastazia mstari wa mbele. Nyimbo tatu nzima alikaa mikono mapajani kama yuko kanisani. Nikaona Hildegarda anamtazama, kisha anamnong'oneza wifi yake. Nikaingiwa na hofu. Nikamsogelea sikioni.

"Mama Happy, usikae kama umemeza mwiko. Wenzio wanainuka kumtunza mwimbaji noti. Inuka na wewe, mwoneshe mkwe wako kwamba umefurahi."

"Niinuke saa ngapi?"

"Ukisikia maneno mazuri."

Hayo ni maneno yangu, niliyasema kwa mdomo huu. Mimi nilijua kwamba anayeinuka kutunza ameuchukua ule ubeti kuwa wake, na akimwelekezea mtu noti, amempasha yeye. Nilidhani kila mwanamke anajua. Sikukumbuka kwamba nimekaa na mtu ambaye miaka yote amekuwa akizima redio.

Mwimbaji akafika hapa:

Kuzaa hakuna shani, hata na paka huzaa,
Mama ni yule wa ndani, alokesha na kulea,
Leo uko harusini, mbele umejikalia,
Ulikuwa mji gani, mwana alipokulia?

Anastazia alisikia neno mama, akasikia harusini, akainuka. Nilimshika khanga, ikaniponyoka. Alicheza vibaya, magoti hayakunjiki, uso unacheka. Akainua noti juu, akamnyooshea Hildegarda, akimaanisha hii ni kwa heshima yako, mkwe. Kisha akaipeleka kwa mwimbaji, na mwimbaji, kama kawaida yao, akaurudia ubeti.

Kimamba nzima inajua kwamba Oswald alilelewa na bibi yake mzaa baba. Hildegarda alimwacha ana miaka miwili, akaenda zake Morogoro, akarudi kijana keshaota ndevu. Mikumi hatukujua, hata mimi niliyeoza binti huko; kwa wageni hayasemwi. Mawifi wa Hildegarda wakapiga vigelegele.

"Mwambie huyo," mmoja alisema. "Kumbe habari zimefika mpaka Mikumi."

Anastazia akadhani vigelegele ni vyake. Akageuka, akamnyooshea Hildegarda mikono yote miwili ili wacheze pamoja.

Hildegarda alisimama. Hakupaza sauti. "Mkwe, umenipasha mbele ya mawifi zangu."

"Nimekutunza, mkwe."

"Umenitunza. Ahsante." Akajifunga khanga yake vizuri, akatoka.

Jumamosi tulikaa kanisani mpaka saa nane. Upande wa mwanamume hakuja hata mtu wa kuleta habari.

Wiki iliyofuata tulikwenda Kimamba kuomba radhi, Anastazia, mimi na katekista wetu. Tulibeba jogoo na kitenge. Khanga Anastazia alizikataa dukani, kwa sababu zina maandishi, na sasa aliogopa kila kitu chenye maneno. Hildegarda alitupokea vizuri, akatupa viti.

"Mkwe, mimi taarabu siijui," Anastazia alisema. "Siipendi hata kidogo. Sikujua maana yake."

"Najua huipendi. Binti yako alinieleza kwamba unawazimia redio hata wateja wako." Hildegarda akamgeukia katekista. "Sasa baba, nisaidie. Mtu asiyependa taarabu amekalia nyimbo tatu hajatikisika. Amekuja kuinukia ubeti mmoja. Kwa nini huo?"

Anastazia alinitazama mara moja, haraka, kisha akatazama chini. Hakusema kwamba mimi ndiye niliyemwinua.

Ningeweza kusema. Lakini binti yangu Raheli ameolewa pale pale Kimamba, na kijana wa mmoja wa mawifi wale, na ana watoto wawili. Niliwaza watasema kwamba sisi wa Mikumi tulipanga pamoja. Nikawa naangalia jogoo alivyofungwa miguu. Hildegarda hakumpokea, tukarudi naye.

Oswald alisema mama ni mama, hata kama hakumlea, na hawezi kuingia ndoa iliyoanza kwa kumtukana. Happiness alijifungua mtoto wa kike mwezi wa Februari. Oswald alikuja mara moja tu, kwa baiskeli, njia yote ile. Alimshika mtoto akiwa bado amesimama.

"Kaa basi," Happiness alimwambia.

"Mama hajui kama nimekuja."

"Mwambie."

Alimrudisha mtoto, akaegemeza baiskeli kwenye nyonga, akabonyeza gurudumu la nyuma kama mtu anayepima upepo, akaondoka. Mwaka uliofuata akaoa Kimamba.

Happiness anatandika vitanda katika gesti ya barabarani. Hamsemeshi mama yake ila kwa habari ya mtoto. Siku moja nilimsikia akimwambia, bila hasira, "Mama, si ungekaa tu."

Anastazia alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua. Mimi nilikuwa mlangoni, nimekuja kuomba chumvi, na siku hiyo pia sikusema kitu.