Paraseli Haiuzishwe

Siku watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa Musonoi, mtaa wa Kolwezi huko Katanga, Mama Ngalula alitafuta kopo la rangi nyeusi lililoachwa na marehemu mumewe. Akaandika ukutani, kwa herufi za mtu aliyesomeshwa na masista: PARASELI HAIUZISHWE, yaani kiwanja hiki hakiuzwi. Kolwezi watu huandika hivyo wanapoondoka na kuogopa shemeji mwenye tamaa. Kisha akafunga mlango, akatia ufunguo kifuani, akaenda kuketi kwenye kituo cha treni pamoja na maelfu ya wenzake. Walingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo hakuwahi kuiona. Aliyetoka huko ni baba yake, aliyeletwa kuchimba shaba. Yeye alizaliwa hapa.

Alichokitamani zaidi ya kitanda chake kilikuwa mfereji. Zamani maji ya mvua yaliingia mpaka jikoni. Ndipo komini, yaani serikali ya mtaa, ikajenga mfereji wa mawe mtaa mzima, na kila mwenye paraseli akatozwa kwa upana wa uwanja wake, alipe mara tatu. Ngalula alilipa mara mbili. Zamu ya tatu ilimkuta kituoni, chini ya turubai. Kila mvua iliponyesha aliwaza maji yanavyopita mbele ya nyumba yake bila kuingia.

Mwezi wa tatu wa kungoja alikuja Adolphine, jirani yake, mtu wa kaskazini ya Katanga, aliyekuwa akimletea bukari, ugali wa huko, kwa kificho.

“Mama, banapigilia karatasi ku mulango yako. Kama haulipe ile ya mufereji mbele ya siku ya posho, komini inakamata nyumba.”

Siku ya posho ni Jumamosi. Jina limebaki tangu enzi ya kugawiwa unga. Ilikuwa Ijumaa. Pesa Ngalula alikuwa nazo, zimeshonwa ndani ya pindo. Akamwachia mzigo wake Mpoyi, mzee wa turubai la pili.

“Treni ikikuja, mama, mi sitaishika na mukono,” Mpoyi alimwambia.

“Ishike na mudomo. Unaongeaka sana.”

Kwenye komini alimkuta karani Mbayo, ambaye suruali yake ya harusi ilishonwa na Ngalula mwenyewe.

“Jambo, tata Mbayo. Nakuya kulipa.”

Mbayo alifungua faili, akaangalia karatasi badala ya uso wake. “Mama, mwenye kulipa anapashwa kuwa mukaaji. Tulituma mutu. Mulango inafungwa, na maandiko iko ku ukuta. Mutu anaandika vile wakati anatoka. Ni weye mwenyewe ulituambia unatoka.”

“Niko apa apa, ku gare ya treni! Na niliandika haiuzishwe!”

“Haitauzishwa, mama. Inakamatwa.”

Makarani wawili wakacheka. Mbayo hakucheka, lakini alipiga mhuri.

Tozo ile ilikuwa ya haki, kwa maana aliyekingwa na mafuriko hana budi kuchangia mawe. Lakini kumfukuza mtu mlangoni kwake, kisha kumhukumu kwa kutokuwepo, ni wizi, na mhuri hauusafishi.

Ngalula hakurudi kituoni moja kwa moja. Alipita Musonoi mchana kweupe, akihesabu macho nyuma ya mapazia. Karatasi ilikuwa imepigiliwa mlangoni, pembeni ya maneno yake. Hakuigusa. Alipiga magoti kwenye mfereji, uliokuwa umejaa majani na maganda ya mahindi, akaanza kuyatoa kwa mikono.

Adolphine, ambaye habari ya mhuri ilikuwa imekwisha kumfikia, akatoka mbio. “Mama! Batakuona! Ile nyumba si yako tena, unafagilia nani?”

“Mvua itakuya, Adolphine. Maji haijue kama banapiga mhuri.”

Adolphine akapiga magoti upande wa pili. Walifika hadi mwisho wa uwanja, upana ule alioulipia mara mbili, ndipo treni ikapiga honi kule chini.

Ngalula akanawa mikono. Akatoa ufunguo kifuani, akamkabidhi Adolphine.

“Batabadilisha kufuli, mama.”

“Najua. Haiko ya mulango. Kila ukiiona, kumbuka kutosha majani mu mufereji.”

Akaenda akikimbia, mikono bado ina maji, bila kugeuka hata mara moja, kwa kuwa alijua akigeuka hatapanda.