Kiraka Chini ya Mstari wa Maji

Boti ile ilipoingizwa yadini juu ya toroli, imeinamia upande mmoja na majani ya baharini yananing'inia tumboni, mafundi wote walicheka isipokuwa mmoja. Ilikuwa boti ya tanga, ya faiba, tena ya zamani, iliyokula chumvi miaka isiyopungua arobaini. Miaka sita ya mwisho ilikuwa imefungwa gatini ikingoja mtu wa kuihurumia. Weupe wake ulikuwa umepauka ukawa kama chaki, ukiupitishia kiganja, kiganja ndicho kinachotoka kimepakwa rangi. Chini ya mstari wa maji ndiko kulikokuwa na balaa lenyewe: magamba magumu yamegandamana tabaka kwa tabaka, na ile rangi ya kuyazuia ilishachoka zamani ikaacha kazi.

Asiyecheka alikuwa Bi Msasa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amesugua, ameziba na kuzipiga polishi boti za watu, hata kiganja chake cha kulia kikawa kigumu kiasi kwamba wajukuu walimkimbilia awakune mgongo, na wala hakuhitaji kutumia kucha. Aliitambua boti ile kabla toroli halijasimama. Ilikuwa boti ya kwanza aliyowahi kuifanyia kazi.

Aliletwa kwenye kazi hii na mumewe. Yadi nzima ilimwita Mashoto kwa sababu kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto. Wakati huo Bi Msasa alikuwa akifua nguo za watu, na Mashoto akamwambia mwenye kuweza kutoa doa kwenye shuka la mtu mkorofi anaweza kusugua boti yoyote duniani. Basi wakafanya kazi pamoja, yeye ubavu wa kulia, mumewe wa kushoto, boti katikati. Miaka kumi na tisa walizungumza hivyo, wakionana miguu tu chini ya tumbo la boti. Waligombana hivyo, wakapatana hivyo, na hata harusi ya binti yao waliipanga hivyo, kila mmoja na msasa wake mkononi.

Sasa ulikuwa mwaka wa tatu tangu Mashoto afariki. Nguo zake ziligawiwa ndugu. Simu iliyokuwa na sauti yake iliharibika. Na kazi ya fundi wa boti, jamani, ni kazi isiyoacha kitu: unaziba, unasugua, unapaka rangi, na ukiifanya vizuri hakuna atakayejua kama uliwahi kupita pale. Bi Msasa alikuwa ametafuta kitu chochote chenye mkono wa mumewe akakosa. Kilibaki kimoja tu, nacho kilikuwa kimekuja chenyewe juu ya toroli: kiraka cha ukubwa wa sinia, ubavuni, chini ya mstari wa maji, mahali ambapo boti hii iliwahi kugonga jiwe. Tabaka la kwanza la kiraka kile alilitandaza Bi Msasa, akiwa mwanafunzi. Yaliyofuata yote aliyatandaza Mashoto. Ilikuwa ni mikono yao miwili, mmoja juu ya mwingine, na rangi juu yake.

Mwenye boti alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu, mtu mpole mwenye jozi mbili za miwani, moja machoni na nyingine kichwani, na siku zote akiitafuta ile ya kichwani. Aliinunua boti ili asafiri na mkewe kabla magoti hayajakataa. Alizunguka na daftari na penseli akiandika kila Bi Msasa alichosema.

Siku ya kwanza, baada ya kukwangua magamba, ni kugonga. Unachukua kinyundo cha plastiki na kugonga ngozi ya boti nzima, kiganja kwa kiganja, huku umetega sikio. Faiba nzima hujibu kwa mkato: ko, ko, ko. Iliyoingiwa na maji hujibu kivivu: bu. Bi Msasa aligonga kuanzia omo hadi tezi, na alipofika kwenye kiraka, kiraka kikajibu bu.

Akagonga tena, taratibu zaidi, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Bu.

"Hapo vipi, fundi?" Mwalimu aliuliza, penseli tayari.

Bi Msasa alijua kinachofuata. Kiraka kikiwa na maji hakibembelezwi. Kinasagwa kwa grenda mpaka kwenye faiba kavu, na vumbi linafagiwa na kutupwa. Akakitazama kitu cha mwisho cha mumewe.

"Kizima," alisema.

Mwalimu akaandika. Hatua ishirini kutoka pale, shemeji yake Bi Msasa, mdogo wake Mashoto na mpaka rangi wa yadi, aliacha kukoroga kopo lake. Alikuwa na masikio yale yale ya marehemu. Akamtazama, kisha akajitia hamnazo na kuendelea kukoroga.

Siku tatu zilizofuata Bi Msasa alifanya kazi kama mtu anayetaka kusamehewa. Aliikwangua ile rangi ya zamani. Akapiga msasa wa maji, wa kukwaruza kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, uji mweupe ukimtiririka viwikoni. Akaingia na mashine ya polishi, na kidogo kidogo ubavu ukaanza kuonyesha kitu: kwanza kivuli cha ngazi, halafu ngazi yenyewe, halafu uso wake akiwa na barakoa. Mwalimu alijiona kwenye boti yake akachana nywele. Lakini mara tatu kwa siku Bi Msasa alijikuta ameinama kuchungulia upande wa pili, kuona miguu. Hapakuwa na miguu. Alimkumbuka mumewe, na kila alipofika kwenye kiraka alikipita kwa kitambaa laini tu, akijiambia ni unyevu kidogo, kitakauka, boti imekaa nacho miaka yote hiyo na haikuzama.

Siku ya nne mke wa Mwalimu alikuja na mito. Alikuwa ameishona mwenyewe, minne, ya rangi ya machungwa, na alitaka kujua kama inatosha kitandani. Akapanda ngazi, akaingia ndani, akajilaza. Bi Msasa alikuwa nje, kiganja chake kimelala juu ya kiraka. Mara akasikia mtu anagonga kutoka ndani, vidole vitatu, na mtikisiko wake ukamfikia kiganjani.

"Fundi," sauti ilikuja kupitia ubavu, "mbona hapa karibu na kichwa changu panaitikia vingine?"

Bi Msasa alikikandamiza kiganja juu ya kiraka.

"Naulizia tu, usinielewe vibaya. Mimi kuogelea sijui. Nilimkatalia huyu mzee wangu mwaka mzima. Nimekubali kupanda kwa sababu amenionyesha kwenye daftari, fundi kasema kizima."

Kulikuwa na upana wa vidole viwili tu kati ya kiganja cha mmoja na kichwa cha mwenzake. Bi Msasa alikiondoa kiganja.

"Shuka dada," alisema. "Si kizima. Niliwadanganya."

Aliwaeleza wote wawili wakiwa wamesimama kando ya ngazi, bila kupamba maneno: maji yameingia, alijua tangu siku ya kwanza, na alinyamaza kwa sababu ni kiraka cha marehemu mumewe na hana kingine. Mwalimu alivua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani, akafungua daftari na kulifuta lile neno kwa kifutio, polepole, kama anayesahihisha mtihani wa mtoto anayempenda.

"Tunaweza kungoja, mama," alisema. "Mpaka utakapokuwa tayari."

"Nikingoja nitazoea," Bi Msasa akajibu, akaenda kuchukua grenda.

Lazima ujue desturi ya yadi ile. Fundi anayeanza kuziba huandika alama yake kwa penseli kwenye faiba iliyosafishwa, kabla ya kutandaza tabaka la kwanza. Gundi ikikauka inakuwa kama kioo, alama inabaki ndani. Siku kiraka kikifeli na kufunguliwa, ajulikane wa kuulizwa. Alama ni moja, ya mtu mmoja, hakuna kugawana lawama. Ya Bi Msasa ilikuwa vistari viwili. Ya Mashoto ilikuwa duara. Kwa hiyo Bi Msasa alijua atakachokikuta chini: vistari vyake viwili, vya mwanafunzi.

Alisaga akihesabu matabaka. Moja, mbili, tatu. Manne yangetosha kwa tundu lile. Alifika la sita na mkono wa Mashoto ulikuwa bado unaendelea, nyuzi zimelazwa kwa mshazari wa mtu wa mkono wa kushoto. Likatoka tone la maji ya kahawia yenye harufu ya siki. Kisha, chini ya tabaka la saba, akakuta duara.

Akazima grenda. Akalilowesha kwa kidole. Lilikuwa duara la Mashoto kabisa, lisilokutana vizuri juu, maana hakuwa na subira ya kulifunga. Na ndani yake, chini zaidi, kupitia tabaka lililokuwa jeupe kama utando wa maziwa, vilionekana vistari viwili.

Tabaka la faiba likiwa jeupe hivyo, kila fundi anajua: lilitandazwa juu ya unyevu. Na hapo Bi Msasa akakumbuka kitambaa. Mashoto alikuwa amekwenda kuleta gundi zaidi. Yeye akalifuta tundu kwa kitambaa cha maji, na kwa vile alitaka mumewe akirudi akute kazi imeshaanza, hakungoja likauke. Ilikuwa kazi yake ya kwanza, na asubuhi ile alikuwa ameapa: kiraka hiki kikinikataa, narudi kufua nguo za watu. Kesho yake Mashoto alikitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akasema, "Umefanya vizuri. Hebu kaniletee chai." Aliporudi na chai, alikuta tabaka la pili limeshalazwa, na la tatu linafuata.

"Vizuri" ile ndiyo iliyomfanya fundi. Aliibeba miaka ishirini na miwili. Siku za boti mbaya, siku za wateja wenye dharau, alijiambia tabaka langu la kwanza Mashoto alisema vizuri.

Alikaa chini kwenye vumbi la kiraka chake. Shemeji yake alikuja, akachungulia, akachutama kando yake.

"Kaka aliniambia," alisema. "Alisema boti hii ikirudi wakati wowote nimwite haraka, aifungue mwenyewe kabla hujaiona. Kila mwaka alikuwa ananiuliza, bado haijaja?"

"Na wewe ukanyamaza siku nne."

"Ulisema kizima, shemeji. Ningesemaje?"

Bi Msasa alicheka, kisha akalia, na vumbi likaugeuza uso wake uji. Siku zote alikuwa amemtamani mumewe kwa mambo matamu, mazungumzo, miguu ile chini ya boti. Sasa alimtamani kwa hasira. Angetoa chochote apate dakika mbili tu za kumgombeza: mbona hukuniambia, mzee wewe, ningelia siku moja nikarudia upya yakaisha. Naye angejibu nini kutoka upande wa pili? Pengine angeomba chai.

Alisaga tabaka jeupe, na duara likaenda, na vistari vikaenda, mpaka akafika kwenye faiba kavu. Waliiacha ikauke wiki tatu chini ya taa ya joto. Mke wa Mwalimu alikuja kila siku ya pili kuugusa ubavu, na mara moja alileta mto wa tano, mdogo, akauweka juu ya kigoda cha fundi bila kusema kitu.

Siku ya kuziba, Bi Msasa alipitisha kiganja ndani ya tundu, kisha shavu, kuhakikisha ni pakavu. Alichukua penseli akachora vistari viwili. Mkono ukabaki pale pale. Alitaka kuvizungushia duara, lisilokutana juu, ili mumewe awe mahali fulani duniani. Lakini alama ni ya atakayeulizwa, na Mashoto hawezi kuulizwa tena.

Akaiweka penseli sikioni, akalowesha brashi, na kulaza tabaka la kwanza peke yake.