Filamu ya Mbio za Bonga

Harufu ya magunia makuukuu yaliyowahi kukaa na mahindi, ikichanganyika na moshi wa jenereta: kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya sinema. Walituonyesha mchana, Jumapili baada ya misa, ndani ya ghala moja Babati mjini, madirisha yamezibwa kwa magunia hayohayo hadi kukawa giza kama ndani ya kihenge. Nilikuwa na miaka minane hivi. Shule sikuisoma sana, kwa hiyo mtanivumilia.

Filamu yenyewe ilikuwa ya michezo. Kabla ya hapo wakubwa walikuwa wamechukua mashamba ya watu kwetu Bonga, wakayasawazisha yawe uwanja, mahindi yakiwa bado mabichi. Siku ya mbio za kuufungua, wapiga picha walikuja kwa ajili ya wakimbiaji. Watu wetu wa milimani wana mapafu. Mjomba wangu alikimbia peku mpaka Dareda kufuata dawa ya ng'ombe akarudi siku hiyohiyo, ila ng'ombe akawa ameshakufa. Nimepotea. Asubuhi ile wenye mashamba walikwenda wakaketi juu ya mistari ya chokaa, wamejifunika mablanketi gubigubi, hawasemi neno. Wakimbiaji ikabidi wawazunguke. Wakubwa wakauliza, nani hao? Bonga nzima iliwajua, na hakuna aliyewajua.

Sasa mle ghalani, mama alikaa juu ya gunia, mimi katikati ya magoti yake. Wakimbiaji walipotokea kwenye kitambaa cheupe, Mama Yosefu, jirani yetu mwenye mdomo, akampigia kelele mwanawe: "Yosefu, kimbia baba! Mbona nikikutuma maji hukimbii hivyo?" Ghala zima likacheka. Kisha wakatokea wale wa mablanketi, kicheko kikakatika. Mimi ukimya ule sikuuelewa. Niliona tu mmoja amenyoosha mguu wa kushoto, maana goti lake lilikuwa halikunjiki. Na kwetu mtoto aliyemwona mkubwa asimwamkie, alichapwa. Nikasimama.

"Shikamoo baba!"

Mama alinivuta gauni mpaka likachanika begani. Mbele kabisa alikaa bwana mmoja wa suti ya Kaunda, aliyekuja na gari la sinema. Akageuka taratibu, anatabasamu.

"Mtoto ana adabu huyu. Baba yako ni yupi, mama?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akamwambia mwenye mashine arudishe pale. Wakimbiaji wakaenda kinyumenyume, watoto wakacheka, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

"Anaitwa nani?"

"Petro," nikasema, kwa sauti ya darasani.

Mama alimweleza baba jioni ile. Hakuniinulia mkono. Siku tatu mbwa walibwekea kila gari lililopita barabara ya Dodoma, na kila mara baba aliacha jembe akasikiliza hadi lipite. Siku ya nne moja halikupita. Walimkuta anakamua; akaomba amalize, wakamkatalia. Alirudi tukiwa tumevuna mara mbili bila yeye, ana kikohozi kilichomfikisha kaburini. Hakunilaumu hata siku moja. Heri angenilaumu.

Mwaka huu vijana wawili, wapole kabisa, walikuja Nangara ninakokaa na mwanangu. Wanatengeneza filamu ya historia, ya watu waliogoma kunyang'anywa mashamba. Ile ya zamani wameipata, sijui wapi, wakanifungulia kwenye kompyuta. Siku hizi kupigwa picha ni furaha. Wajukuu wangu wanajipiga hata wakila ugali, wanazituma kwa watu wasiowajua. Mimi nikisikia gari limesimama nje, bado naacha ninachofanya nasikiliza.

"Bibi, huyu mzee Petro tumeshamjua," akasema mmoja. "Hawa wawili wa pembeni je? Watakuwa mashujaa, bibi. Nchi nzima itawafahamu."

Nikainamia kompyuta. Niliwajua wote wawili, na mablanketi yao. Watoto wao wanalima Mutuka hadi leo, na juzi nimesikia vigingi vya wapimaji vimeonekana kwenye mashamba yao, hakuna anayejua ni vya nani.

"Macho yangu yamechoka, wanangu," nikawaambia. "Zimeni hiyo."