Amina za Kwenye Simu

Mama mmoja wa kanisa letu pale Mandewa aliteleza akichota maji kisimani, akavunjika mguu. Habari niliipata kwenye simu, kwenye kundi la maombi la wanawake. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, alituma ujumbe wa sauti wa dakika nne akikemea pepo la ajali, na nyuma yake jogoo anawika. Zikafuata Amina. Mmoja aliandika ya kwake nikiwa namwona kabisa, yuko saluni mkabala na kwangu, kasukwa nusu kichwa, anatafuna karanga. Mwingine akaweka picha ya njiwa mweupe kwenye maua. Mimi nikaweka mikono mitatu ya kusali, nikaendelea kuchambua mboga.

Nyumba ya mgonjwa ni ya nne kutoka kwangu. Kutoka kwa mwenyekiti ni kuvuka njia tu.

Siku ya tano nilikwenda, wala si kwa upendo. Nilikuwa na alizeti ya kupepeta, na ungo wangu alikuwa nao yeye.

"Pita tu, mwanangu, siwezi kuinuka."

Nilimkuta kwenye godoro, mguu umefungwa hogo, ile plasta ngumu ya hospitali, mpaka gotini. Mlangoni ndoo mbili, zote tupu. Nilimwamkia, akaitikia. Nikamwambia, "Tunakuombea sana, mama."

"Naona. Amina zenu zinaingia mpaka chaji inaisha."

"Nani anakupikia?"

Akaelekeza kidevu uani. Jirani yake, mama wa Kiislamu niliyekuwa nampita kila siku kwa salamu ya haraka, alikuwa anasonga ugali. Mlenda ulishaiva.

"Maji yameisha," aliniambia, macho yake kwenye mwiko. Nikachukua ndoo.

Jioni niliandika kundini: "Mama yetu anahitaji wa kumchotea maji kesho asubuhi. Nani ataenda?"

Wakasoma wote. Yule wa saluni akajibu, "Mungu atafungua njia." Nikamwandikia kwamba njia iko wazi, hata lori linapita. Ndipo mwenyekiti akaniandikia pembeni, mimi peke yangu: "Binti yangu, hili ni kundi la maombi. Mambo ya ndoo yasitutoe uweponi mwa Bwana." Kabla sijajibu, nikaona nimeondolewa.

Basi tukawa tunapokezana, mimi na yule jirani, mpaka hogo likafunguliwa. Kundi, nilisikia, lilikuwa limefunga siku tatu kwa ajili ya mgonjwa.

Jumapili aliporudi kanisani na magongo, mwenyekiti alisimama mbele akashuhudia kwamba kundi lake limemwinua mtu kitandani. Watu wakapiga makofi, wengine wakanyanyua simu kurekodi. Mgonjwa alibaki anatazama sakafu. Nami, katikati ya vile vitenge vya sare, niliwadharau kiasi ambacho sikujua ninaweza kumdharau mtu ninayeshiriki naye meza ya Bwana.

Nje mwenyekiti akanishika mkono. "Mbona siku hizi sikuoni kundini?"

"Ulinitoa, mama."

"Itakuwa mtandao."

"Labda, mama," nikasema, na magoti nikayakunja kidogo kwa adabu, kwa sababu ni mkubwa kwangu na watu walikuwa wanatutazama. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa nimewasahau wote. Dharau yote niliyokuwa nayo siku ile nilikuwa nimejigeuzia mwenyewe, kwa lile "labda" na yale magoti.