Waya Mlangoni mwa Mzinga

Nimefungua kichupa cha chavua nilicholetewa kama zawadi, na harufu yake ya nyasi kavu na maua ya kahawa imenirudisha kibanjani kwetu, katikati ya migomba.

Mama alikuwa amezika mtoto wake mchanga, na tangu siku hiyo chakula kilimshinda. Baba yetu, tuliyemwita Tata, aliamini kila kilichofundishwa kwenye kijiji cha ujamaa. Bwana nyuki, mtaalamu wa ufugaji nyuki, alikuwa amewaonyesha wanakijiji namna ya kuziba mlango wa mzinga kwa waya wenye matundu. Nyuki alipojipenyeza, chavua ilibanduka miguuni mwake na kudondokea kwenye bati lililowekwa chini. Mimi niliichambua, na Tata akaikoroga kwenye uji na kumlisha Mama kijiko kwa kijiko.

"Inatia nguvu," alimbembeleza. "Kidogo tu."

Asubuhi moja Mama aliuliza, "Na nyuki wenyewe huifanyia nini?"

"Huwalishia watoto wao," Tata alijibu haraka, akiwa bado ameinua kijiko.

Mama aliinuka. Alitoka pekupeku hadi mzingani, akaung'oa ule waya kwa mikono mitupu. Nyuki walimzonga na kumuuma, naye hakuwafukuza. Tata alimkimbilia, akasimama nyuma yake.

Kisha nyuki wakaanza kuingia, miguu yao imejaa chavua ya njano. Mama aliwatazama kwa muda mrefu, mkono wake ukizidi kuvimba, halafu akamgeukia Tata.

"Kuna ndizi?" aliuliza. "Nina njaa."