Mgeni wa Kushikilia Hema

Nilipokuwa nikicheza mpira wa kikapu kwa mshahara, Nairobi kwanza kisha nje ya nchi, nilikuwa mtu wa Kiirua, kwetu Meru. Hakuna aliyeuliza nimeolewa wapi. Tukishinda, wanaume sokoni walisema yule mrefu ni msichana wetu, miguu ile imekuzwa na viazi vya hapa. Picha yangu ilibandikwa kwenye bucha, na mwenye bucha aliwaambia wateja kwamba mimi ni binamu yake. Si kweli.

Kisha goti likakataa, nikastaafu, nikarudi nyumbani. Nikakuta mwakilishi wetu wa wadi ameamua kiwanja cha soko kijengwe vibanda. Pale ndipo nilipojifunza kurusha mpira, kwenye ringi iliyopigiliwa juu ya nguzo ya mti. Vibanda vilikuwa vya watu wake, na kila mtu alijua. Nilimwendea ofisini kumuuliza, akacheka, akaniambia siasa si mpira. Nilitoka pale nikiwa nimeshaamua kugombea kiti chake.

Siku hiyo hiyo nikageuka kuwa Mwembu, mtu wa kwao mume wangu.

"Lakini wewe si uliolewa huko Kanja, Embu?" waliniuliza wazee, wale wale wa sokoni. "Enda uombe kura kwa bwana yako. Hapa tunataka mtoto wa nyumbani."

Babu wa mwakilishi huyo, mheshimiwa wetu, alihamia kwetu kutoka Kangeta, na hilo halikumkosesha mtu usingizi. Yeye ni mwanamume. Mwanamume akihama huhama na kwao; mwanamke akiolewa huambiwa hana kwao tena. Nilikasirika hadi chai ikapoa mezani.

Mume wangu ni mwalimu, mpole kupita kiasi, akasema basi tujaribu kwao. Baba mkwe akaita wazee wa ukoo. Walikula, wakashiba, wakaniambia kwa heshima zote: "Mama, wewe ni mke mzuri. Lakini damu yako ni ya Meru. Ukipata kiti, barabara utapeleka kwenu." Chakula walichokula nilikuwa nimekipika mimi. Niliosha sahani zao, na mume wangu akazipanguza taratibu na kuzipanga kwa ukubwa, jambo ambalo nalo lilinichemsha.

Basi, kule Kiirua, akafa mwalimu mstaafu aliyepigilia ile ringi. Alikuwa amenifundisha mpira kabla sijajua kwamba kuna watu hulipwa kwa kuucheza. Kwetu mgombea husalimia watu kwenye mazishi, asipofanya hivyo watu husema ana madharau, kwa hiyo nilimwomba aliyeshika kipaza sauti anipe dakika moja. Akasema nitaongea baada ya mheshimiwa.

Mvua ikaanza. Maji yakajaa katikati ya paa la hema, turubai likalegea juu ya kichwa cha mjane na wajukuu wake.

"Dada mrefu, hebu saidia hapo," akasema wa kipaza sauti.

Nikainuka, nikasukuma turubai kwa mikono miwili, maji yakamwagika nje. Kila nilipoachilia, yalijaa tena. Ikabidi nisimame hivyo hivyo, mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, maji yakinitiririka hadi kwapani. Vijana waliokaa karibu nami hawakuinuka.

Mheshimiwa akasimama. Hakumtaja marehemu zaidi ya mara moja. Alizungumza juu ya vibanda, jinsi soko litakavyong'aa, na watu wakapiga makofi, jeneza la mwenye ringi likiwa mbele yao. Kisha akatabasamu kuelekea upande wangu.

"Na tushukuru mgeni wetu kutoka Embu. Mnaona vile urefu wake umetusaidia."

Wakacheka. Mwenye bucha alicheka kuliko wote.

Sikungoja kipaza sauti. Nilitumia ile sauti niliyokuwa nikiitia wenzangu uwanjani. "Mimi si mgeni. Huyu mnayemzika ndiye alinifundisha mpira, kwenye hicho kiwanja mnachopigia makofi kiuawe. Nimezaliwa hapa, mnajua nyumba, mnajua hata kitanda. Kama mimi ni mgeni, basi mwenye nyumba aje ashike hema lake."

Hakuna aliyeinuka. Walikuwa wakiangalia turubai, hawakuniangalia mimi. Mheshimiwa alijifanya anasoma ratiba.

Hatimaye mjane akageuka, akanishika sketi. "Usiachilie, mwanangu," akasema polepole. "Watoto watalowa."

Sikuachilia. Nilishikilia hadi mvua ilipokatika na jeneza likatolewa, na ile dakika yangu hakuna aliyeikumbuka. Mabega yaliniuma usiku kucha.

Asubuhi nilienda kujiandikisha kugombea hapo hapo Kiirua. Karani, kijana mwenye adabu zake, alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani.

"Na madam, kwenu ni wapi kabisa?"

"Hapa," nikasema, nikapiga meza yake hadi kalamu ikaanguka.