Mgagani wa Mama

Nyumbani kwangu Kigera nina kitalu kimoja cha mboga, katikati ya mawe mawili makubwa ambayo fundi alishindwa kuyapasua. Humo nilipanda mgagani. Jirani aliponikuta namwagilia alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mgagani unaupanda? Si unajioteaga tu zizini?"

Ni kweli. Huku kwetu mgagani haupandwi. Ng'ombe wakihamishwa unaota wenyewe, watu wanachuma, basi. Lakini mimi sina zizi, na mama yangu alikuwa amekataa kula.

Mama alikuja kwangu kutoka kwake Bunda, baada ya kumaliza mionzi ya saratani ya koo huko Mwanza. Daktari aliniita pembeni akasema nimpe chochote atakachotaka. Nilielewa. Mtu anayepona hupewa masharti, haambiwi ale chochote. Nilipika uji, ndizi, sato wa kuchemsha. Alionja kijiko kimoja, akasukuma bakuli. Hatimaye akasema anataka mgagani. Nilikimbia sokoni Nyasho nikanunua fungu zima. Alionja, akanuna.

"Haya ni majani tu. Mgagani unakuwaga mchungu."

Nikaenda Bunda kwenye zizi lake la zamani, nikarudi na gunia la udongo. Mbegu alinipa yeye, za msimu uliopita, alizokuwa amezifunga kwenye pindo la kitenge. Mbegu mpya haioti, alinionya, lazima ikae kwanza. Tangu hapo kila asubuhi aliuliza mgagani umefikia wapi, na mimi, mwanamke mzima, nikaanza kujidanganya kwamba ukiota na yeye atainuka.

Uliota vizuri. Nilichuma ncha, nikachemsha, nikamwaga maji ya kwanza, nikatia maziwa, nikauacha ulale chunguni mpaka kesho yake. Hivyo ndivyo alivyonipikia kila nilipojifungua, maana kwetu mzazi hupewa mgagani arudishe damu. Alikuwa akinisimamia mpaka nimalize, hata nikilia.

Sasa nilimlisha mimi. Alimung'unya kwa muda mrefu.

"Maziwa yamezidi," akasema. "Sisikii kitu."

Siku iliyofuata sikutia maziwa, wala sikumwaga maji ya kwanza. Nilionja jikoni nikatema papo hapo. Machozi yalinitoka kwa ule ukali. Nikampelekea vilevile. Alitafuna polepole, nami nikawa namwangalia usoni, nikiomba akunje uso, anitukane, aniulize nani alinifundisha kupika. Alimeza kwa shida, akafungua mdomo nimwongeze.

"Bado," akasema. "Mwanangu, una hakika huu ni mgagani?"

Nilishikwa na hasira, na sikuwa na wa kumkasirikia. Udongo ulikuwa wake, mbegu zake, mapishi yake. Ulimi ndio uliokuwa umekwisha kwa ile mionzi, na hapakuwa na kitu chochote cha kupanda ambacho kingeurudisha. Ningemwambiaje? Nilimwambia mgagani bado mchanga, ukikomaa utakuwa mchungu kama anavyoutaka.

Mama alijifuta mdomo kwa kitenge, akajiegemeza kwenye mto. Alionekana ameridhika.

"Sawa," akasema. "Basi tuungoje ukomae."